Sura Yako

Mwalimu alijua kila kitu kuhusu nyuso isipokuwa kuzikumbuka. Nilimpigia taipu kazi zake kwa miaka minne, kuanzia mwanzo wa 1990 mpaka Aprili ya 1994, na sijui ni mara ngapi tulikutana barabarani mjini Kigali akanipita kama nguzo ya umeme. Alinitambua kwa mtandio wangu wa kijani tu. Siku nikivaa mwingine, mimi ni mgeni. Siku moja alimsimamisha mwanamke mwingine mwenye mtandio wa kijani mbele ya soko, akamweleza kwa kirefu makosa ya ukurasa wa kumi na mbili. Yule mwanamke alikuwa muuza ndizi. Alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama anachukua ndizi au hachukui. Mwalimu akachukua. Alifika kwetu Biryogo na mkungu mzima begani, ananilaumu kwa nini nilijifanya simjui.

Naanza na kichekesho kwa sababu najua ninakokwenda, na sina haraka ya kufika. Watu wakiniuliza habari zake hutaka kusikia alivyokufa. Mimi nataka kwanza wamwone na mkungu wa ndizi begani. Lakini nitasema jambo moja mapema, nisije nikajificha nyuma ya vichekesho: Mwalimu aliniandikia kikaratasi cha sentensi mbili, nikakisoma vibaya. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kusoma mwandiko wake.

Alikuwa mwanafalsafa, na neno hilo mtaani kwetu lilileta mashaka. Walisikia anaitwa dokta, wakauliza ni dokta wa nini. Mimi nikajibu, kwa ujinga wangu, kwamba ni dokta wa kuona. Wiki hiyohiyo bibi mmoja jirani akaletwa barazani kwetu, jicho la kushoto limeingia ukungu. Mwalimu hakucheka wala hakumfukuza. Alivuta kigoda, akalitazama lile jicho muda mrefu, akasema, "Mama, mimi kutibu sijui. Lakini niambie, unaona nini?" Wakakaa mpaka alasiri. Bibi alimweleza ukungu ulivyo, unavyoanzia pembeni, watu wanavyotokea ndani yake kwa sauti kwanza halafu kwa mwili. Mwalimu aliandika kila neno. Bibi aliondoka na ukungu wake, na kwa miezi alimsifu kuwa ndiye daktari pekee aliyemwuliza swali la maana.

Kazi yake, kwa jinsi alivyonieleza mimi niliyeishia darasa la nane, ilikuwa kutazama. Alisema watu hawavioni vitu, wanaona walichoambiwa juu ya vitu. Kwa hiyo yale uliyoambiwa uyatie kwenye mabano. Usiyafute wala usiyapinge, yaweke kando tu, kisha utazame upya kitu chenyewe kinavyokujia. Hayo alikuwa ameyafundisha chuoni miaka ishirini, kwa Kifaransa, na nasikia wanafunzi walimwita Bwana Mabano.

Mfano wake mkubwa ulikuwa kikombe. Alikuja kwetu mara ya kwanza kuleta kazi, mama akampa chai, naye akaanza kukizungusha kikombe taratibu mezani.

"Mama, umewahi kukiona kikombe hiki?"

"Nimekinunua mimi mwenyewe."

"Umeona upande mmoja. Ukikigeuza uone wa pili, ule wa kwanza unapotea. Hakuna mtu aliyewahi kukiona kikombe kizima."

Mama alikichukua, akakigeuza pande zote, akakichungulia mpaka chini, akamrudishia. "Hakina ufa. Kunywa, chai inapoa."

Mwalimu akatoa kalamu, akaandika maneno hayo pembeni ya karatasi. Niliyapiga taipu mwenyewe, kwa Kifaransa, kama maoni ya mtu fulani wa Biryogo.

Mashine yangu ya taipu niliirithi kwa baba, aliyekuwa karani. Ilikuwa nzee na nzito, na kitufe cha kufungia mabano kilikuwa kimekatika zamani. Nilifungua mabano kwa mashine, nikayafunga kwa kalamu. Mtu mwingine asingejali, lakini kwa Bwana Mabano ilikuwa taabu tupu, maana kila ukurasa ulikuwa na jozi tatu au nne. Mara moja nilisahau kuyafunga katika kurasa tisa. Alinijia juu kwelikweli. "Umeacha milango wazi nyumba nzima!" Nami nikamwambia aniletee mashine nyingine, au apunguze mabano. Tulinuniana siku mbili.

Vita vilipoanza kaskazini Oktoba ile ya 1990, alikamatwa pamoja na watu wengi sana wa mji. Kosa lake lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho, katika mstari wa kabila: Mtutsi. Hatukumwona miezi mitano. Alirudi amekonda, meno mawili hayapo, na kazi ya chuo imekwisha. Alikaa pale pale barazani. Mama akamletea chai katika kile kikombe. Mimi nilikuwa nangoja akizungushe, na niliomba Mungu akizungushe, kwa sababu ningejua amerudi mzima. Hakukigusa.

"Kikombe hakinitazami," alisema.

Kisha akatusimulia jambo moja la kule ndani, moja tu, na sijawahi kusikia la pili. Kulikuwa na askari kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Zamu yake ya kupiga ilipofika, alimpiga Mwalimu huku uso ameuelekeza ukutani. Kila siku ukutani. Siku moja Mwalimu alimwita kwa jina. Kijana akageuka, wakatazamana. Siku hiyo hakuweza kuendelea, akatoka nje.

"Na kesho yake?" nikamwuliza.

"Kesho yake walileta mwingine."

Hapo ndipo fikra zake zilipogeuka. Nimekwisha kusikia wasomi wawili watatu wakizungumza juu ya Mwalimu wa mwanzo na Mwalimu wa mwisho kana kwamba ni watu wawili, na kati yao pana vitabu alivyosoma. Hapakuwa na vitabu. Palikuwa na kijana aliyegeuka kutoka ukutani. Mwalimu alishika nusu ya kwanza ya kisa kile, akajenga juu yake miaka mitatu: kwamba kabla sijaanza kutazama, kuna mtu ananitazama, kwamba unaweza kutia dunia yote kwenye mabano lakini uso wa mwenzako hauingii, kwamba ili umdhuru mtu ni lazima kwanza uyapeleke macho yako kwingine. Mimi nilibaki na nusu ya pili, ile ya kesho yake. Sikuwa na elimu ya kumbishia. Nilikuwa na hofu tu, na hofu haipigwi taipu.

Juu ya mabano alibadilika pia. Nilipompelekea kurasa za kwanza baada ya kifungo, nikiwa nimeyafunga yote kwa kalamu, kwa wino mweusi, kwa unyenyekevu, alisema, "Yaache wazi. Mashine yako ilijua kabla yangu." Nilitamani kumtupia mashine yenyewe.

Jambo lililowaudhi wenzake wa zamani ni kwamba aliacha kuandika kwa Kifaransa, akaanza kuandika kwa Kiswahili. Siku zile, katika Kigali ya watu wenye vyeo, Kiswahili kilikuwa lugha ya madereva, wachuuzi na sisi Waislamu wa Biryogo. Wakamcheka. Wakasema atayarishiwe kitanda Ndera, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Alitusimulia mwenyewe, anacheka na pengo lake. "Wanasema nimebakiza Ndera tu." Nikamwuliza kwa nini basi ajitafutie maneno. Akanyoosha vidole. "Kwa Kifaransa niliandika ili nisifiwe. Kinyarwanda ni changu, lakini kimechukuliwa na redio za chuki. Kila neno nikilishika nakuta limeshashikwa na mikono michafu. Hiki chenu hakuna anayekitaka. Kimebaki safi."

Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali hasa. Kila kitu kwake kilikuwa "iko". Mungu iko, kikombe iko, mimi iko, wewe iko. Nilimsahihisha kwa wino mwekundu, nikifurahia sana, maana si kila siku mtu wa darasa la nane anamsahihisha dokta.

"Kikombe kipo," nikamwambia. "Mtu yupo. Ngeli ni tofauti."

Akaweka kalamu chini. "Rudia."

"Kikombe kipo. Mtu yupo."

"Kwa hiyo kuwepo kwa mtu si kuwepo kwa kikombe? Na hayo yanajulikana na kila mtoto wa Biryogo?" Alizunguka nayo mwezi mzima. Kikombe kipo, jirani yupo. Aliyasema akiingia getini, aliyasema akinawa mikono. Mama akasema, "Na Mwalimu yupo, ila akili haipo," naye akampigia makofi.

Lakini neno lililomshinda kabisa ni sura. Aliandika chapitre juu ya ukurasa, mimi nikapiga taipu "Sura ya Kwanza". Akanirudishia na alama ya kuuliza.

"Nimeandika sehemu ya kitabu. Wewe umeweka uso. Hata sisi tunasema isura, ni uso."

"Sura ni uso, Mwalimu. Na ni sehemu ya kitabu pia."

"Neno lilelile?"

"Lilelile."

Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Maana Kinyarwanda nacho kilikuwa na lake: gusura ni kumtembelea mtu. Uso, kitabu, na kwenda kubisha hodi kwa mtu, vyote katika mdomo mmoja. Alisema ameandika maisha yake yote kutafuta kile ambacho mpiga taipu alikuwa nacho bure mezani. Kuanzia hapo hakuniaga tena bila kusema "Nzagusura", nitakutembelea, halafu ananyanyua bahasha yake na kuongeza, "na sura." Na kazi yoyote iliyokuwa mikononi mwangu aliiita yangu. "Ile sura yako imefika wapi?" Nilizoea.

Sasa niseme yaliyonikasirisha. Mtu huyu aliyeandika juu ya jirani alikuwa akiishi Kimihurura, mtaa wa ofisi za serikali na balozi, katika chumba cha uani cha nyumba ya mgeni mmoja aliyekwisha kurudi kwao. Alibaki yeye na zamu, mlinzi wa geti, mzee mpole aliyevaa koti la mvua hata kiangazi. Kambi za askari zilikuwa karibu. Nilimwambia ahame. Mwaka 1992 nilimwambia, 1993 nikamwambia tena. Jibu lake ni lilelile.

"Hapa kuna balozi kila upande. Kila mtu ananiona. Mtu anayeonekana hafanyiwi kitu."

Nikamwambia nina mashine, nina mhuri wa kuazima, naweza kumtengenezea karatasi nyingine ambayo ule mstari wa kabila una neno jingine. Akakataa. Kufanya hivyo, alisema, ni kukubali kwamba neno lile lina haki ya kuogopwa. Mtu huyohuyo alimdanganya mama kila Ijumaa kwamba ameshakula, akamdanganya zamu kuhusu umri wake, akanidanganya mimi kwamba pengo la meno haliumi. Uongo mdogo aliuweza vizuri sana. Ule mmoja wa kumwokoa ndio uliomshinda. Nilimpenda, na kuna siku nilimchukia kwa hilo, na mpaka leo sijui namna ya kuvitenganisha.

Februari ya 1994 watu waliuawa mitaani siku kadhaa, tukakaa ndani. Machi ikaingia, na siku ya Idi Mwalimu akaja kula pilau. Alikuja na bahasha nene, sura ya mwisho. Aliniwekea mapajani bila utani wowote. Alikula kidogo. Mama akamwuliza ana nini.

"Jirani yangu," alisema. "Yule wa upande wa pili wa ua wa miti. Miaka mitatu hakunisalimia. Sasa ananisalimia kila asubuhi. Anakuja mpaka kwenye ua, ananitazama usoni, anauliza nimelalaje. Anauliza nalala saa ngapi."

"Basi si vizuri?" nikasema. Nilikuwa nakwangua sufuria, na nilitaka Idi iendelee kuwa Idi.

"Anatazama vizuri kabisa," alisema Mwalimu. "Hapeleki macho popote."

Mama alielewa kabla yangu. Alinawa mikono, akakaa mbele yake. "Mwalimu, hamia kwetu. Chumba cha nyuma kipo, tutahamisha magunia tu."

"Mama, njiani kuna vizuizi viwili. Wanaangalia vitambulisho."

"Huyu binti yangu wanamjua. Nusu ya vijana wale amewapigia taipu barua za kuomba kazi. Wakimwona hawaulizi. Wewe utapita na sura yake."

Mwalimu alinitazama, au aliutazama mtandio. "Siku nikihitaji nitasema," akajibu.

"Sema hata nusu neno," mama akamwambia. "Nusu neno, mimi namtuma."

Ni mama aliyesema hivyo. Mimi nilikuwepo, nilisikia, na mikono yangu ilikuwa ndani ya sufuria.

Jumapili ya Pasaka zamu akaja kwetu kwa miguu, na lile koti. Alinikabidhi kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Yeye Kiswahili cha kuandikwa hakukijua, wala vijana wa vizuizini, na nadhani Mwalimu aliandika kwa Kiswahili kwa sababu hiyo, ili wakikifungua njiani wasipate kitu.

"Mwarimu ananituma kalatasi hii," alisema. "Yeye iko salama. Lakini anasema halaka."

Nikasoma. *Nahitaji sura yako. Usichelewe.*

Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Wiki tatu nilikuwa nayo ile sura ya mwisho, na nilikuwa sijafika hata nusu. Niliona ananikemea, na nikaona ana haki. Mama alikuwa uani anaanika nguo.

"Anasemaje?" akauliza.

"Anataka kazi yake."

Mama hajui kusoma. Maisha yangu yote nilimsomea kila karatasi iliyoingia nyumbani, neno kwa neno, hata matangazo ya sabuni. Hiyo moja sikumsomea.

"Nimwambie unakuja rini?" zamu akaniuliza.

"Mwambie Jumatano, nikimaliza."

Akasimama pale, anageuza kofia. "Jumatano iko mbari, dada."

Nilikasirika. Nilimwambia kurasa hazijipigi zenyewe. Akainamisha kichwa, akaondoka.

Nilipiga taipu siku tatu bila kuinuka, nakala tatu kwa karatasi za kaboni, mpaka kidole cha shahada kikavimba. Ninayo nakala ya tatu, ile hafifu, iko mbele yangu ninapoandika haya. Inaanza na neno "Nilikosea". Anasema alifikiri uso unauzuia mkono, lakini hauzuii. Anasema mtu anayetaka kukuua anaweza kukutazama vizuri na kukuuliza habari za nyumbani. Kisha inafuata aya ambayo naijua kwa moyo: *Uso hauna nguvu. Unaomba tu. Na kuomba kwake ni kwa maneno madogo, kwa hiyo anayeombwa anaweza asisikie, hata akiwa rafiki, hata akiwa na karatasi mkononi.* Yeye alikuwa ameandika "kuomba yake". Nilisahihisha ngeli, nikaendelea na aya iliyofuata.

Jumatano alasiri nilishuka bondeni, nikapanda Kimihurura na bahasha kifuani. Kwenye vizuizi vyote viwili walinisalimia tu, mmoja akaniuliza kama barua yake imejibiwa. Nilipokata kona bado niko mbali na geti, nikasikia naitwa kwa jina. Mwalimu alikuwa amesimama njiani. Alikuwa amevaa koti na viatu vilivyofungwa kamba, joto lote lile. Zamu alikuwa nyuma yake, naye aliponiona akafungua geti lote, mbao zote mbili, kana kwamba ni gari linatoka.

"Umekuja," alisema Mwalimu. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba mtu anaweza kuipenda kazi yangu kiasi kile.

"Nimeleta, Mwalimu. Nimemaliza yote. Nakala mbili, moja nimebaki nayo."

Akaitazama bahasha. Aliitazama muda mrefu, kama zamani alivyokitazama kikombe.

"Umeleta sura," alisema.

"Nimeleta."

Kupitia geti lililo wazi niliona mlangoni kwa chumba chake mkoba wa ngozi umefungwa mkanda, na juu yake blanketi limekunjwa. Nikauliza kama anasafiri. Alifungua kinywa. Hapo matawi ya ua yakasogea, na jirani akatoa kichwa, anatabasamu.

"Mwiriwe, Mwarimu! Una mgeni leo?"

"Yego," Mwalimu akamjibu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ni mpiga taipu wangu. Ameleta makaratasi." Kisha akanigeukia. "Huo mkoba ni vitabu. Bon. Nitasoma. Najua makosa yatakuwepo. Njoo kesho uyasahihishe. Njoo mapema, mwanangu. Asubuhi sana."

Kidole kilikuwa kinaniuma. Nilikuwa na kazi za watu zimelala tangu Pasaka kwa ajili yake.

"Kesho sitaweza, Mwalimu. Nitakuja Jumamosi."

Jirani hakuondoka. Alikuwa ameegemea ua, anatusikiliza kwa raha zake. Mwalimu akanisogelea hatua moja.

"Ngoja nikuone," alisema.

Akanitazama. Sikuzoea, nikaona haya, nikatazama viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa rangi. Alipomaliza akaipokea bahasha kwa mikono miwili.

"Basi mimi nzagusura," alisema. Hakuongeza lile neno lake la utani. Nilipofika kwenye kona niligeuka, nikamwona bado yuko njiani, na geti bado liko wazi lote.

Nilirudi jua linazama. Mama akaniuliza Mwalimu hajambo. Nikamwambia hajambo, ila amevaa koti kwenye joto, na ana mkoba mlangoni, na anataka nirudi kesho alfajiri kwa ajili ya makosa ambayo hata hajayasoma. Nilikuwa nacheka nikisema hivyo. Mama hakucheka.

"Kile kikaratasi cha Pasaka," alisema. "Kilisema nini?"

"Nilikwambia, alitaka kazi yake."

"Nisomee kilivyo."

Nikakitoa kwenye droo ya mashine. Nikamsomea.

Mama alikuwa ameshika birika, akaliweka chini. "Sura yako," alisema. "Hayo ni maneno yangu. Nilimwambia hapa hapa atapita na sura yako. Alikutaka wewe, mwanangu. Karatasi za nini?"

Giza lilikuwa limeingia, na usiku vizuizi havikuwa na watu niliowapigia barua. Tukakubaliana nitoke alfajiri. Tulihamisha magunia yote ya chumba cha nyuma, tukatandika kitanda. Kisha nikaenda kwenye kamba kuutoa mtandio wa kijani, ili Mwalimu anitambue kwa mbali tusipoteze muda. Ulikuwa bado una unyevu. Ulikuwa kwenye kamba tangu asubuhi. Nikajishika kichwani. Siku ile nilikuwa nimekwenda Kimihurura na wa kahawia, ambao hakuwahi kuuona.

Usiku uleule ndege ya rais iliangushwa. Alfajiri ya Alhamisi barabara zote zilikuwa zimefungwa, na Kimihurura ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza walikoingia askari, wakiua nyumba kwa nyumba. Mama alifunga mlango, akaweka ufunguo ndani ya nguo yake, akaketi chini kuuegemea. Mimi nilikaa mbele yake mpaka mchana, nimevaa mtandio wa kijani.